Kabla hujaingia porini na punda kurina asali

Kwanza kibali. Pitia ofisi ya kijiji, na kama mizinga yako imo ndani ya hifadhi ya msitu, pata ruhusa ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kabla hujafunga mzigo. Maji: vijito vingi vya huku Tabora hukauka kiangazi, kwa hiyo waulize warina asali waliotoka porini wiki hii. Usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o huzifuata rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Na usijaribu farasi. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, itakurudisha kwa miguu. Punda anavumilia zaidi, ila naye huugua. Ukiona anakonda baada ya safari, mwite daktari wa mifugo mapema.

Kwenye mzigo wengi hukosea. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ikijaa asali inafika kilo 28. Ndoo mbili, moja kila upande wa shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, zinamtosha punda. Usimwongezee ya tatu kwa sababu tu yuko kimya.

Sasa kamba. Hapa nisikilize vizuri. Mwaka mmoja, pori la Sikonge, mimi na mjomba tulimfunga punda wake kwenye mti wa mtundu wenye kivuli, kama hatua arobaini kutoka kwenye mizinga. Nilikaza fundo mwenyewe, nikiogopa asije akakimbia akisikia fisi. Tukaanza kurina jua likiwa bado juu, tuwahi kulala. Nyuki walipochafuka wakamwendea. Sisi tulikuwa na mavazi na bomba la moshi. Nilimkimbilia, kumbe nguo zangu zimejaa miiba, na harufu ya mwiba wa nyuki, ile inayofanana na ndizi mbivu, huwaita wenzao. Nikamwongezea kundi. Alivyokuwa akivuta, fundo lilizidi kukaza, na kisu nilikuwa nimekiacha kambini. Hakufika alfajiri. Mjomba hakunigombeza, alikaa akimkwangua miiba masikioni mpaka kukapambazuka.

Kwa hiyo punda akae mbali, nusu kilomita ukiweza, na kambi iwe hukohuko aliko. Mfunge kwa fundo la kitanzi linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kisu kiwe kiunoni. Anza kurina giza likiingia. Mwenzako mmoja abaki na mnyama, naye asiguse nguo za kurinia. Wewe ukimaliza, zivue kabla hujamsogelea.

Usiku mzungushie boma la miiba na moto usizimike, maana fisi humpenda punda. Asubuhi mwagia majivu maji hadi yapoe kabisa, majani makavu yanashika haraka. Mtoto abaki nyumbani. Pombe pia. Na mtu mmoja kijijini ajue mmepita njia ipi na mnarudi siku gani.