Pembe nyeusi ukitumia filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) kwenye lenzi ya f/1.4

Kwanza mjue mkosaji. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/1.4, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, bila filta, kisha funga filta upige tena. Lenzi nyingi za tundu kubwa hufifia pembeni zenyewe zikiwa wazi kabisa. Mimi niliwahi kuilaumu filta wiki nzima bure. Sasa punguza tundu hadi f/8, huku fokasi umeiweka mbali kabisa. Kiza cha lenzi yenyewe kitapungua sana. Kikibaki kivuli chenye ukingo mkali kwenye pembe, hapo ni fremu ya filta inayoingia kwenye picha.

Dawa ninayoiamini ni filta kubwa kuliko lenzi. Lenzi yangu ni ya milimita 67, filta ni ya 82, na katikati kuna ringi moja ya kuunganishia. Moja tu! Ukipanga ringi tatu, umejenga bomba, na pembe zitaanza kuliwa tena. Ubaya wake ni kwamba hudi ya lenzi haiingii tena, kwa hiyo mimi hukinga jua kwa kiganja.

Filta ya UV, ile ya kulinda lenzi, itoe kabla ya kufunga ND. Badala ya kubebanisha ND mbili za stopu 3 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), tumia moja ya stopu 6. ND za kuzungusha ili kubadilisha kiwango cha giza, fremu zake huwa nene, na kwenye lenzi ya mtazamo mpana huweza kuchora msalaba mweusi angani ukizizungusha hadi mwisho. Huo hakuna programu inayoufuta vizuri.