Kabla hujalipia nyumba yenye sakafu ya mbao Nairobi

Nyumba za kupanga zenye sakafu ya mbao bado zipo Nairobi. Zunguka Kileleshwa, Kilimani, Lavington na Parklands, kwenye zile ghorofa za zamani ambazo hazijabomolewa, utakuta sebule na vyumba vya kulala vimebandikwa vibao vya mvule au mahogani. Ni nyumba nzuri, na baridi ya Julai ikishika utafurahia kukanyaga mbao kuliko vigae. Lakini usitoe hata shilingi kabla hujapitia haya.

Hakikisha kwanza kwamba ni mbao. Majumba mengi mapya hutangaza "sakafu ya mbao" kumbe ni laminati, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa ukabandikwa picha juu. Chuchumaa utazame mishipa ya mbao: ukiona fundo lilelile linajirudia ubao kwa ubao, hiyo ni picha. Mbao halisi ikichakaa hupigwa msasa na vanishi ikarudi kuwa mpya. Laminati ikishanywa maji hubanduliwa na kutupwa. Usikubali kodi ya mbao kwa nyumba ya laminati.

Nenda mchana, vua viatu, tembea kila chumba. Gonga sakafu kwa kidole. Ikilia kama kuna uwazi chini, gundi imeachia. Zulia lolote lililotandikwa liinuliwe, hasa lile ambalo keateka, yaani mtunza jengo, anakuambia halina haja ya kuinuliwa. Madoa meusi chini ya dirisha au mbele ya bafu ni ya maji. Unga laini kwenye kona ni wa wadudu wanaotoboa mbao, na utepe wa udongo unaopanda ukutani ni mchwa. Kama ni nyumba ya chini kabisa, nusa: harufu ya ukungu haitaisha kwa kufungua madirisha.

Kama una watoto wanaokimbia, jua kwamba jirani wa chini atasikia kila hatua.

Sasa maji, na hapa soma polepole. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hayatoshi, ndiyo maana kuna mgao, kila mtaa na siku zake. Mfereji ukiwa mkavu, mtu huufungua kuona kama maji yamerudi, hakuna kitu, anaondoka bila kuufunga. Kwenye nyumba ya saruji au vigae utaamka upige deki. Kwenye nyumba ya mbao hasara yake ni nyingine.

Dada yangu alipanga Kileleshwa, ghorofa ya kwanza, sakafu ya mvule ambayo kila Jumamosi aliipiga polishi mwenyewe kwa magoti. Akasafiri kwenda Kakamega kwa matanga. Jirani wa juu akaacha mfereji wa jikoni wazi, na kitambaa cha vyombo kikaziba tundu la sinki. Maji yalirudi usiku. Yakafurika kule juu, yakapenya kwenye tundu la waya wa taa, yakamwagika sebuleni kwa dada yangu hadi asubuhi. Keateka hakuwa na ufunguo wa nyumba ya dada, na koki ya kufungia maji ya jengo zima ilikuwa na kutu, haikugeuka. Mbao ikinywa maji hutanuka kwa upana, na vibao vilivyobanwa ukuta kwa ukuta havina pa kwenda ila juu. Dada aliporudi, sebule ilikuwa imetuna, vibao vimeng'oka na kusimama.

Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za jirani. "Mama, mimi nyumba nilikukabidhi wewe, sikumkabidhi wa juu." Mkataba ulisema mpangaji atairudisha sakafu kama alivyoipokea, basi, kuhusu maji yanayotoka nyumba nyingine, hakuna hata mstari. Picha za siku ya kuingia hazikuwepo. Dipoziti ya miezi miwili ikaliwa yote, na bado akadaiwa nyongeza ya fundi. Alihama na watoto kwa pesa za kukopa, kwa kosa ambalo hakulifanya. Linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, omba uonyeshwe koki kuu ya nyumba yako na ile ya jengo, zifungwe na kufunguliwa mbele ya macho yako. Uliza siku za mgao za mtaa huo, na nani anaangalia tangi likijaa. Ufunguo wa akiba mwachie mtu unayemwamini aliye karibu. Halafu dai mkataba uandike wazi kwamba uharibifu wa maji yatokayo nyumba nyingine, paani au kwenye mabomba ya ukutani si wa mpangaji, na kwamba kuchakaa kwa kawaida hakukatwi kwenye dipoziti. Siku ya kupokea ufunguo, piga picha kila chumba, kila mkwaruzo, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Usitegemee baraza la kodi za nyumba, lile linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba, kukuokoa. Sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mitaa hii haina nyumba ya bei hiyo. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lakini huko utaulizwa mkataba, picha na ujumbe wa malipo.

Mengine unayajua. Usimlipe wakala dipoziti kabla hujamwona mwenye nyumba au msimamizi wake. Bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti na meza. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa, isimwagiwe maji. Pita hapo usiku uone taa za barabarani, na pita mvua ya Aprili ikinyesha uone kama gari linafika langoni. Ongea na mpangaji anayehama, si keateka peke yake. Na wakikuharakisha ulipe leo kwa sababu kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, mwachie huyo wa saa kumi.