Seva Inapokataa Kufungua Folda: Kagua Njia Mlango kwa Mlango

Umepakia tovuti kwenye seva yako mwenyewe, unafungua kivinjari, na mahali pa ukurasa wako panatokea namba 403, yaani seva imekataa kukuonyesha ukurasa. Wengi hapo hukimbilia `chmod -R 777`. Tafadhali usiiguse. Amri hiyo humruhusu kila mtumiaji na kila programu iliyomo kwenye seva kuandika ndani ya tovuti yako. Ukiiendesha kwenye folda yako ya nyumbani ndiyo hatari zaidi: SSH, njia unayotumia kuingia kwenye seva ukiwa mbali, haiamini ufunguo uliowekwa mahali ambapo wengine wanaweza kuandika, kwa hiyo safari ijayo itaukataa na utabaki nje.

Mfano wangu ni Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti) kwenye Ubuntu, na tovuti iko `/home/msimamizi/tovuti`. Anayetumia Apache atabadilisha majina tu.

Hatua ya 1: Soma logi (faili ambamo seva huandika makosa) kwanza

```
sudo tail -n 20 /var/log/nginx/error.log
```

Tafuta mstari wa namna hii:

```
open() "/home/msimamizi/tovuti/index.html" failed (13: Permission denied)
```

Hiyo 13 inatoka kwenye mfumo endeshi wenyewe: Nginx imeomba kufungua faili, ikanyimwa. Lakini ukikuta `directory index of ... is forbidden`, tatizo si ruhusa. Folda haina faili ya `index`, au umeipa jina jingine. Ni 403 ileile kwenye kivinjari, ila dawa ni tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Jua ni nani anayenyimwa

```
ps -eo user,cmd | grep -E 'nginx|php-fpm|apache2'
```

Mchakato mkuu wa Nginx huendeshwa na root, mtumiaji mkuu wa mfumo, lakini wanaofungua faili ni wafanyakazi wake, na kwenye Debian na Ubuntu hao ni `www-data`. Kama kosa hutokea mtu anapopakia picha, mwandikaji huwa ni PHP-FPM, programu inayoendesha msimbo wa PHP, nayo inaweza kuwa na mtumiaji wake tofauti. Andika jina hilo pembeni, kwani kila hatua inayofuata inamhusu yeye.

Hatua ya 3: Tembea njia yote

Hapa ndipo tatizo hupatikana mara nyingi, na ndipo watu hupita haraka mno. Faili hukaguliwa, huonekana iko sawa, na mtu anaanza kubahatisha. Kumbe mlango uliofungwa uko folda mbili juu yake.

```
namei -l /home/msimamizi/tovuti/index.html

drwxr-xr-x root      root      /
drwxr-xr-x root      root      home
drwxr-x--- msimamizi msimamizi msimamizi
drwxrwxr-x msimamizi msimamizi tovuti
-rw-rw-r-- msimamizi msimamizi index.html
```

Kwa folda, `r` ni ruhusa ya kuona orodha ya majina yaliyomo, na `x` ni ruhusa ya kupita. Ili `www-data` afike kwenye `index.html`, anahitaji `x` kwenye kila folda iliyo juu yake, bila kuruka hata moja. Tazama mstari wa tatu: herufi tatu za mwisho, za watu wengine, ni vistari vitupu. Anakwama hapo. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya huundwa kwa 750 (mwenyewe hufanya yote, kikundi husoma na kupita, wengine hawana kitu), na mimi nilimaliza jioni nzima nikihangaika na `index.html` kabla ya kuinua macho hadi mstari huo.

Hakikisha kwa kuvaa viatu vya mhusika:

```
sudo -u www-data head -n 1 /home/msimamizi/tovuti/index.html
```

Usijaribu kama root. Root hupita karibu kila mahali, kwa hiyo jaribio lake halikuambii kitu.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa kiasi kinachohitajika

Ninachopendelea ni kuiondoa tovuti nyumbani kwa mtu:

```
sudo mv /home/msimamizi/tovuti /var/www/tovuti
sudo chown -R msimamizi:www-data /var/www/tovuti
sudo find /var/www/tovuti -type d -exec chmod 750 {} +
sudo find /var/www/tovuti -type f -exec chmod 640 {} +
```

Amri za `find` ni mbili kwa sababu folda zinahitaji `x` na faili za kawaida haziihitaji. Kisha badilisha mstari wa `root` (unaotaja folda ya tovuti, si yule mtumiaji) kwenye usanidi wa Nginx na uendeshe `sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx`.

Ikibidi ibaki nyumbani, mpe `www-data` njia ya kupita tu:

```
sudo setfacl -m u:www-data:x /home/msimamizi
```

Jihadhari: `chmod 700` ya baadaye kwenye folda hiyo huizima ruhusa hii kimyakimya.

Folda ya kupokea picha ndiyo pekee inayostahili kuandikiwa:

```
sudo chmod 2770 /var/www/tovuti/picha
```

Ile 2 ya mbele hufanya kila faili mpya irithi kikundi cha folda, hata ukiipakia wewe mwenyewe.

Hatua ya 5: Ruhusa ziko sawa, bado inakataa

Kwenye Fedora, AlmaLinux na ndugu zao, mshuku SELinux, ulinzi wa ziada unaotumia lebo za faili. Dalili yake ni kwamba jaribio la `sudo -u` linafaulu huku tovuti ikikataa, kwa sababu SELinux huibana huduma yenyewe, si jina la mtumiaji tu. Faili iliyohamishwa kwa `mv` hubeba lebo ya ilikotoka.

```
sudo ausearch -m avc -ts recent
sudo restorecon -Rv /var/www/tovuti
```

Kwa folda ya picha, iandikishe lebo ya kuandikwa, kisha rudia `restorecon`:

```
sudo semanage fcontext -a -t httpd_sys_rw_content_t "/var/www/tovuti/picha(/.*)?"
```

Usiizime SELinux ili tu ukurasa ufunguke.

Hatua ya 6: Jaribu pande zote mbili

```
sudo -u www-data touch /var/www/tovuti/picha/jaribio
sudo -u www-data touch /var/www/tovuti/jaribio
```

Ya kwanza ipite kimya, ya pili ikataliwe. Zikipita zote mbili, rudi hatua ya 4: kuna folda uliyoifungua kupita kiasi.