Ukienda usiku wa indastriali, anza na masikio

Baba yangu alikuwa fundi wa korona. Kwa asiyetoka Tanga, korona ni ile mashine inayosaga majani ya mkonge hadi zibaki nyuzi tupu. Ikishawashwa alfajiri, sisi watoto wa kambini tuliongea kwa kupaza sauti mpaka jioni bila kujua kwamba tunapaza. Alipofika miaka hamsini na kitu, baba alikuwa haisikii tena adhana ya msikiti ulio nyumba ya nne kutoka kwetu. Hakuna aliyewahi kumpa kizibo cha sikio hata siku moja.

Leo naishi Leipzig, Ujerumani, na starehe yangu kubwa ni indastriali, muziki unaounguruma kama korona, ambao wapenzi wake huvaa nyeusi. Mama anauliza kama hao watu wa nguo nyeusi si wachawi. Si wachawi, mama. Wengi wao ni wahasibu. Nawajua kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilipokea makoti mlangoni kwa miaka minne, kwenye ukumbi mmoja wa chini ya ardhi, na mpokea makoti humwona mtu akiingia na humwona akitoka. Ndugu na marafiki wanaopita huku huniomba niwapeleke. Nimechoka kueleza mmoja mmoja kwa simu, basi naandika.

Kwanza ujue unakwenda kusikiliza nini. Jina la indastriali lilishika mwaka 1976, pale kundi la Throbbing Gristle la London lilipoanzisha lebo yake na kuiita Industrial Records. Sheffield, mji wa chuma, walikuwepo tayari Cabaret Voltaire na kanda zao za kukatakata. Mwaka 1980 Berlin Magharibi wakatokea Einstürzende Neubauten, maana yake majengo mapya yanayoporomoka, wakapanda jukwaani na mabati, springi na mashine za kutobolea ukuta. Wabelgiji wa Front 242, walioanza 1981, wakachukua ukali uleule wakautia kwenye mashine ya ngoma inayopiga sawasawa kama saa ya ukutani. Huo wa Wabelgiji ndio unaoitwa EBM, kifupi cha Electronic Body Music, muziki wa mwili.

Sasa soma tangazo. Likiandikwa EBM, utacheza. Likiandikwa noise, hutacheza: utasimama mbele ya mtu mmoja mwenye meza ya nyaya na atakupiga sauti usoni dakika arobaini. Vyote viwili navipenda, lakini mgeni aanze na EBM. Binamu yangu wa Hamburg alianza na noise, akanitumia ujumbe akiwa chooni: "Dada, hii mitambo imeharibika au ndiyo wimbo wenyewe?"

Usianze pia na Wave-Gotik-Treffen, lile tamasha la Pentekoste linalofanyika hapa Leipzig tangu 1992. Huja watu kama elfu ishirini kwa siku nne, kumbi zimetapakaa mji mzima, na mgeni humaliza usiku ndani ya tramu akihangaika kutoka ukumbi hadi ukumbi. Tramu yenyewe tiketi ya tamasha hulipia, sikatai, na Ijumaa bustanini watu hukaa chini na magauni ya enzi za Malkia Victoria wakila keki, kitu cha kwenda kutazama hata kama muziki hutaki. Ila usiku wako wa kwanza uwe mdogo: ukumbi mmoja, makundi matatu, kiingilio euro 15 au 25. Moritzbastei ni pazuri kuanzia. Ni ngome ya karne ya 16 iliyofukiwa chini ya mji, na wanafunzi wa chuo kikuu ndio walioifukua kwa koleo miaka ya 1970. Angela Merkel, yule aliyekuja kuwa kansela wa Ujerumani, enzi hizo akisoma fizikia, alikuwa mmoja wao.

Tangazo litakuwa na saa mbili tofauti: Einlass, mlango kufunguliwa, na Beginn, muziki kuanza. Fika katikati yake. Wakiandika 20.00 ni saa mbili usiku, na ni saa mbili kweli, si ile saa mbili ya taarabu ambayo mwimbaji anafika saa tano akiwa bado anatafuta viatu. Nimewapokea watu makoti wakati kundi walilolifuata linashuka jukwaani.

Nguo ni nyeusi, ndiyo, lakini usinunue kitu. Fulana nyeusi, suruali nyeusi, kiatu kigumu kilichofunika vidole, maana utakanyagwa. Usivae nyeupe. Binamu yangu huyohuyo alikuja na shati jeupe la harusi, na zile taa za zambarau zilipowashwa aling'aa peke yake ukumbi mzima kama taa ya jokofu. Koti likabidhi mlangoni, euro moja au mbili, wala usilifunge kiunoni; ndani ni joto la jiko la mkaa. Skafu na kofia vipenyeze ndani ya mkono wa koti, visikae mfukoni. Kile kibati cha namba kitie mfuko wenye zipu. Aliyekipoteza husubiri mpaka wote waondoke, ndipo tunampa koti linalobaki, na hapo saa kumi alfajiri hakuna anayemwonea huruma. Na wenye makoti ya miiba ya chuma: vidole vyangu bado vina alama zenu.

Kuna jambo ambalo mtu mweusi ataliwaza akiingia, basi nilitaje. Utaona buti za kijeshi, makoti ya kijeshi, vichwa vilivyonyolewa. Muziki huu tangu mwanzo umechezea sura za dola na majeshi, mara nyingi kwa kejeli. Kundi la Laibach la Slovenia limefanya hivyo tangu 1980. Buti peke yake haisemi kitu. Nembo za Kinazi ni kosa la jinai Ujerumani, na ukiiona kwenye nguo ya mtu usijadiliane naye, nenda moja kwa moja kwa baunsa au kaunta. Miaka yangu minne nilishuhudia mara mbili, na mara zote mbili mwenye nguo alitoka kabla kundi la pili halijapanda. Zaidi ya hapo, kusema kweli, nimeguswaguswa nywele mara nyingi zaidi kwenye kumbi za pop.

Haya, masikio.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kikomo wanachokitumia wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Ukifika 100, umebakiwa na robo saa. Kiwango cha kiufundi cha Ujerumani kwa maonyesho kinataka wastani usizidi desibeli 99 kwa kila nusu saa, na sauti ikitarajiwa kupita 95 wageni wapatiwe vizibo. Kwa hiyo vizibo vya sponji utavikuta kaunta, aghalabu bure au kwa sarafu. Omba, wala usione haya. Mle ndani anayevivaa ndiye mzoefu.

Wengi hawajui kuvivaa. Wanakichomeka kama kizibo cha soda, kinaning'inia nje, halafu wanalalamika hakifai. Kisokote kwa vidole vikavu hadi kiwe chembamba kama njiti. Kama ni sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, ulivute sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, kisha kisukume ndani na ukishikilie kwa kidole huku ukihesabu polepole hadi thelathini. Ukisikia sauti yako mwenyewe inatoka kifuani kama imamu ndani ya kisima, kimekaa. Fanya hivyo nje, kabla muziki haujaanza.

Sponji hufunika zaidi sauti kali za juu, muziki ukabaki kama unatoka nyumba ya jirani. Ukiupenda muziki huu, nunua vile vya mpira vyenye kichujio. Mimi vyangu nilivilipa euro 25 na sasa vina miaka sita. Hupunguza karibu kila sauti kwa kipimo kimoja, unasikia kila kitu ila kwa upole. Usivitoe "dakika moja tu nisikie vizuri". Dakika hiyo ndiyo ya kishindo.

Kisha chagua pa kusimama. Wageni hukimbilia mbele, miguuni pa spika. Hapo hakuna muziki, kuna kipigo tu. Tafuta meza ya fundi sauti, kwa kawaida iko katikati au nyuma kidogo, simama mbele yake hatua chache. Yule fundi anapanga sauti kwa masikio yake pale alipo, kwa hiyo unapata kile alichokusudia. Kona na kuta ziepuke kama hutaki besi ikuvuruge tumbo. Wimbi la besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, likigonga ukuta linarudi na kujirundika, ndiyo maana ukisogea hatua tatu besi inapungua na ukiegemea ukuta inakujia mara mbili. Jaribu wakati wa kundi la kwanza, tembea uone. Mimi hufanya hivyo kila ukumbi mpya, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

Mwenye kifafa aulize mlangoni kuhusu taa za kumwekamweka. Mwenye pumu akae mbali na mashine ya moshi.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Ukingoja wimbo, kiitikio, ubeti, utachoka upesi. Chagua sauti moja, tuseme lile pipa la mafuta linalogongwa kushoto, uifuate hiyo tu mpaka uijue, kisha uiache uchukue nyingine. Chini ya pipa au nyuma ya bati kuna kipaza sauti kidogo kilichobandikwa, hakishiki sauti ya hewani bali mtikisiko wa chuma chenyewe. Ndiyo maana mkwaruzo wa ukucha unasikika kama lori likifunga breki. Angalia mikono ya mpigaji. Mara moja nilimpelekea baba video kwa simu ya kaka. Hasikii, lakini aliweka kiganja juu ya spika ya redio walipoiunganisha, akanyamaza kidogo, akasema: "Hiyo beringi imekwisha." Nilirudia kuisikiliza. Kweli, chini kabisa kulikuwa na kitu kinayumba.

Mkonge wenyewe, kwa taarifa yenu, uliletwa Tanga na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche elfu moja ilitoka Florida, ikafika hai 62. Huwa najiambia kwamba kuja huku kusikiliza vyuma vyao ni kufuata risiti.

Kucheza ni rahisi. Hakuna wawili wawili, hakuna kushikana viuno. Kila mtu na kipande chake cha sakafu, hatua mbili mbele kwa kishindo, mbili nyuma, mikono imekunjwa ngumi, macho chini. EBM nyingi iko kwenye mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Kijana aliyezoea singeli ya Dar, inayopita 200, ataiona kama mkokoteni. Asicheke, akae nayo. Uzuri wake ni kurudia hadi mwili uache kuuliza. Na asifikiri kwetu hatuna watu wa kelele hizi: kundi la Duma la Nairobi walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na nimewaona vijana wa hapa wakiivaa fulana yao. Ukigongwa begani ukapewa kidole gumba juu, ni msamaha. Akianguka mtu, wote mnamwinua mara moja, hilo halina mjadala.

Simu ipige picha mbili, uirudishe mfukoni. Kinywaji utalipia na dhamana ya glasi juu yake. Rudisha glasi urudishiwe euro yako, usiiache sakafuni kama tajiri. Kunywa maji. Kanda na fulana za makundi huuzwa pembeni, mara nyingi na mwanamuziki mwenyewe, yule aliyekuwa akinguruma jukwaani, sasa anakutafutia saizi yako kwa adabu za mwalimu wa chekechea. Beba noti ndogondogo.

Ukitoka, masikio yakivuma kidogo, kaa kimya usiku huo, usivae vifaa vya kusikilizia ndani ya basi. Yakiwa bado yanavuma kesho yake usiku, nenda kwa daktari wa masikio bila kungoja wiki iishe. Mabasi ya usiku, enzi zangu za makoti, yalikuwa yakiondoka stesheni kuu saa 1:11, 2:22 na 3:33, yaani saa saba, saa nane na saa tisa na visehemu vyake. Angalia ratiba yako kabla ya kuingia ukumbini, si baada. Na koti lako lichukue wimbo mmoja kabla ya mwisho. Foleni ya baada ya hapo naijua mimi.