Chumvi ukutani na hati mkononi: kuandaa nyumba ya kuuza Tanga

Mnunuzi wa Tanga akiona rangi mpya kimo cha mita moja kutoka sakafuni, na juu yake rangi ya zamani, hahitaji kuambiwa: ukuta una chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiyeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali na mchanga. Ukifika kwenye uso wa ukuta maji hukauka, chumvi hubaki, hutoa unga mweupe na kubandua lipu. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, kwani huuziba ukuta na unyevu huzidi kupanda.

Anza Januari, kazi iishe kabla ya masika. Kwanza tafuta maji yanakotoka: bomba linalovuja, mfereji wa paa unaomwaga kwenye msingi, udongo uliorundikwa nje kupita usawa wa sakafu. Usipoondoa hayo, utarudia kazi mwakani. Bandua lipu hadi kwenye tofali, ukivuka alama ya unyevu kwa nusu mita. Sugua kwa brashi kavu, zoa unga uutupe mbali. Usioshe, maji huirudisha chumvi ndani. Acha ukuta wiki kadhaa ukauke. Piga lipu ya ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa. Mwagilia siku saba, na rangi ya maji ingoje hadi wiki nne zitimie. Nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe haitaki saruji, kwa sababu hufungia unyevu ndani na mawe humomonyoka. Tumia chokaa moja kwa mchanga tatu.

Ufa ulionyooka chini ya linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) au slabu mara nyingi ni kutu ya nondo. Chimbua zege hadi nondo ionekane pande zote, isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ndipo uzibe. Nondo ikiwa imelika sana, ita mhandisi.

Misumari ya bati yenye kutu badilisha pamoja na mipira yake.

Piga picha ukuta ulio wazi kabla ya lipu mpya, uzitunze na risiti za fundi. Picha hizo humtuliza mnunuzi kuliko maneno ya dalali.

Kisha karatasi. Weka tayari nakala ya hati ili mnunuzi akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakikisha mmiliki ni nani, na risiti za kodi ya pango la ardhi na bili za maji. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Hakikisha mita ya umeme haina deni. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya 1971. Pata ridhaa hiyo kwa maandishi mapema. Kama ni ya urithi, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Hapa ndipo mauzo mengi hukwama, ndugu mmoja akijitokeza siku ya malipo.

Siku ya kutazama usichome udi. Mgeni atajiuliza unaficha harufu gani. Fungua madirisha tangu alfajiri, jaribu koki zote, na sogeza makabati yaliyoegemea kuta ili aone mwenyewe hadi chini.