Antifona saba za "Ee": kusali taamuli kwa wimbo mmoja, Desemba 17 hadi 23

Ukitaka wimbo ukusaidie kusali taamuli, yaani kukaa kimya mbele ya Mungu, katika Majilio, chagua mmoja, mfupi, kisha uuache mapema. Wengi hupanga nyimbo kumi na tano kwenye simu, wakazisikiliza saa nzima, wakainuka wamestarehe lakini hawajasali. Kazi ya wimbo ni kukufikisha kwenye kimya. Ukiendelea kusikika baada ya hapo, unakutoa tena.

Zinazofaa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni antifona saba kubwa, yaani viitikio vifupi, zinazoanza kwa "Ee". Kanisa la Kilatini huziimba kwenye Masifu ya Jioni, sala yake rasmi ya jioni, moja kila siku, kabla na baada ya Wimbo wa Maria. Zote hufuata kiimbo kimoja cha Kigregori, hivyo ukijifunza moja umezijua zote. Tena zimejengwa vilevile: humwita Kristo kwa jina lililomo katika Maandiko, hulieleza kidogo, kisha humwambia "njoo" na kuomba jambo moja.

17: Ee Hekima (Isaya 11:2)
18: Ee Adonai, yaani Bwana (Kutoka 3:2)
19: Ee Shina la Yese (Isaya 11:10)
20: Ee Ufunguo wa Daudi (Isaya 22:22)
21: Ee Mapambazuko (Luka 1:78)
22: Ee Mfalme wa Mataifa (Yeremia 10:7)
23: Ee Emanueli (Isaya 7:14)

Kwa Kilatini, herufi za kwanza za majina hayo zikisomwa kuanzia la mwisho kurudi nyuma hutoa ERO CRAS, yaani "kesho nitakuwapo". Si lazima kwa sala, ila ni vizuri kujua.

Tenga dakika ishirini. Saa moja kasoro jioni panafaa, jua likiwa limetua karibuni, lakini kama wewe ni wa kukwama kwenye foleni ya Thika Road saa hizo, hamia saa kumi na moja alfajiri kabla ploti haijaamka. Weka simu kwenye hali ya ndege, usiishie kupunguza sauti tu, maana ujumbe wa M-Pesa hutikisa meza hata simu ikiwa kimya. Kama utatumia rekodi, ipakue mapema. Ukiicheza moja kwa moja mtandaoni, tangazo la bima litakuingilia katikati ya "njoo", na wimbo ukiisha programu itakuletea mwingine usioutaka.

Soma aya ya siku hiyo mara mbili, polepole, kwa sauti. Kisha imba. Kama hujui kiimbo, tumia noti moja tu, ya chini, ile unayoongea nayo ukiwa umechoka, na ushuke kidogo kwenye silabi ya mwisho. Vuta pumzi, toa "Ee" hadi nusu ya pumzi iishe, kisha weka jina: "Ee Shina la Yese". Nyamaza kwa urefu wa pumzi moja nzima, kuingia na kutoka. Halafu "njoo". Nyamaza tena. Rudia mara saba hadi kumi, kila mara kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka mara ya mwisho iwe midomo tu. Hilo huchukua dakika nne au tano.

Sasa kaa kimya dakika kumi. Usitafute mawazo mazuri. Akili ikikimbilia kodi ya nyumba au nauli ya kwenda ushago, sema jina la siku hiyo mara moja moyoni, bila kiimbo, urudi. Malizia kwa Wimbo wa Maria, Luka 1:46-55, ukiusoma tu.

Kosa la kawaida zaidi ni kuanza juu. Mtu hujisikia vizuri mara ya kwanza, mara ya tano koo limekaza, na tangu hapo anasikiliza koo badala ya neno. Kosa la pili ni la wanakwaya, nao Nairobi ni wengi: mkikutana watu sita, mara besi imeingia, alto imeitikia, na sala imegeuka mazoezi. Imbeni sauti moja. Anayeshika sauti ya tatu huwaza ni wapi aingie, na hawezi kuwaza hilo pamoja na Emanueli. Ngoma na kayamba vina nafasi yake tukufu kwenye Misa. Hapa mdundo humwambia mwili usogee wakati tunauomba utulie. Kibodi iachwe pia. Stima ikipotea, hamtapoteza kitu.

Kuhusu kelele, usipigane nazo. Mvua za vuli zikipiga mabati hadi usijisikie, acha kuimba, mvua yenyewe itakufaa. Lakini spika za mkesha wa jirani zina maneno, na maneno hushindana na maneno. Usiku huo badilisha saa.

Desemba 21 inahitaji uangalifu. Katika nchi za kaskazini, antifona ya Mapambazuko huangukia karibu na usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, na watu huimba wakiwa gizani tayari. Sisi tuko karibu na ikweta, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo ukiiimba jioni picha hiyo haikushiki. Siku hiyo imba alfajiri, ukielekea dirisha la mashariki, taa zikiwa zimezimwa. Anza saa kumi na mbili na dakika kumi. Jua litachomoza ukiwa katika kimya, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Kama tarehe 22 uko kwenye basi la kwenda nyumbani, redio ikinguruma, fanya ile sehemu ya midomo tu.

Desemba 24 haina antifona ya "Ee". Kaa dakika ishirini zilezile, mahali palepale, bila kuimba.