Kuitia DX ya zamani injini ya injekta: anza na waya

Nina mteja mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, mwenye Corolla DX ya 1983, ile KE70. Kila msimu wa kahawa huipandisha Kapchorwa. Kutoka hapa Tororo mpaka Mbale gari hukimbia kama kijana. Likishafika kona za Sipi, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, moshi mweusi unaanza na nguvu inakwisha. Hewa ya huko juu ni nyepesi, lakini kabureta haina habari hiyo. Inaendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyokuwa inamwaga bondeni. Mafundi walishabadilisha jeti mara kadhaa. Akiwekewa ndogo, mlimani gari linapanda, akirudi Tororo linakohoa. Siku aliyoingia karakana kwangu hakuniuliza bei. "Binti," akasema, "nitoe kwenye hii kabureta."

Mimi ni fundi umeme wa magari, na kazi hii ya kutoa kabureta na kuweka injini ya injekta, ambayo kompyuta ndiyo inapima petroli, nimeshaifanya kwenye magari manne. Wenzangu wa injini huanza na winchi. Mimi naanza na waya, na ndivyo nitakavyokueleza, maana injini ya kuingia DX huchukua siku mbili kukaa mahali pake. Gari linalolala karakana miezi mitatu limekwama kwenye waya au kwenye petroli.

Kwanza uchague injini. Kila mtu atakwambia uchukue ya kikumi, yaani Corolla AE100, kwa kuwa imejaa kila kona na sipea zake ni rahisi. Usikubali haraka. Injini ya kikumi imelala kwa upana na inavuta magurudumu ya mbele, DX inasukuma kwa nyuma. Ukiigeuza utatafuta giaboksi nyingine, utachomelea maunti mpya, utahamisha mabomba ya maji, na mwisho wake umejenga gari lingine. Mimi nachukua 7K-E, ile iliyokuja kwenye TownAce na LiteAce. Ni ya ukoo uleule wa K uliomo ndani ya DX: kemshafti iko kwenye bloku, valvu zinasukumwa kwa fito, na fundi yeyote wa zamani anaifahamu akiwa amefumba macho. 4K, injini ya DX yenyewe, ni sisi (cc) 1290. 7K ni sisi 1781, na pistoni yake inasafiri milimita 87.5 badala ya 73. Giaboksi ya DX inaikubali, kwa hiyo acha ile ya TownAce, mikono yake ya gia imetengenezwa kwa dereva anayekalia injini.

Wakati wa kununua, iwe soko la Kisekka Kampala au kwingine, usinunue injini peke yake. Nunua injini na mkungu wake wote wa waya, kontroli boksi (ndiyo kompyuta ya injini), sensa, rilei (swichi za umeme) na soketi, vyote kutoka gari moja. Waya usiwe umekatwa. Gari la kwanza nililolifanya, duka moja liliniuzia injini safi kabisa, mkungu umekatwa kwa msumeno pale unapopita kwenye ukuta wa dashibodi. Muuzaji akaniambia, "Mama, rangi si zinaonekana, utaunga tu." Nyaya tatu zilikuwa nyeusi zenye mstari mweupe. Niliunga kwa wiki mbili.

Ukishafika nyumbani na mzigo wako, usiguse gari. Tandaza mkungu sakafuni, weka kontroli boksi upande mmoja na injini upande wa pili, uanze kuandika. Karibu nyaya zote zinatoka kontroli boksi kwenda kwenye injini na kurudi, na hizo ni jamaa wa nyumba moja, ziache. Zinazogusana na gari la zamani ni sita tu. Wa kwanza ni wa betri wa kudumu, BATT. Wa pili ni wa ufunguo, unaoamsha rilei kuu ili boksi ipate umeme wake wa +B. Wa tatu ni STA, unaiambia boksi kwamba stata inazunguka. Wa nne unakwenda pampu ya petroli. Wa tano ni wa taa ya kuonya, umeandikwa W. Wa sita ni wa ardhi, kati ya injini na bodi. Wa spidi mimi huuacha wazi, kwa sababu DX inatumia kebo. Gari likishatembea, taa italalamika kwa namba 42 na utaizoea.

Huo wa pampu ndio unaoniletea ugomvi na mafundi wenzangu. Wengi wanauunga moja kwa moja kwenye ufunguo. Gari linawaka, mteja analipa, kila mtu anakwenda nyumbani. Lakini Toyota iliweka rilei inayoongozwa na boksi kupitia waya wa FC: injini ikiacha kuzunguka, boksi inakata pampu. Sasa fikiria gari limepinduka barabara ya Malaba, hozi imechomoka, injini imezima, na ufunguo bado uko mahali pake. Pampu iliyoungwa kwa ufunguo itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosti ya moto. Uunge kwa rilei yake. Ukiletewa gari lililoungwa vile, lifumue.

Nyaya za ardhi za boksi, E1 na wenzake, zifungwe kwenye manifoldi ya injini, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda, chuma kwa chuma, rangi na kutu vikwanguliwe. Halafu weka waya mnene kutoka injini hadi bodi, na mwingine hadi betri. Kuna Corolla ilinizimikia mara tisa siku moja kwa sababu ya bolti moja iliyokuwa juu ya rangi.

Tuje kwenye petroli. Pampu ya zamani ya DX, inayoendeshwa na injini, inasukuma kwa presha ndogo, kama robo ya baa. Injekta zinataka karibu baa tatu. Kwa hiyo hozi za zamani zote zitoke, hata zile zinazoonekana mpya. Soma maandishi ubavuni: 30R7 ni ya kabureta, iache, unayotaka ni 30R9. Klipu ziwe zile za kuzunguka hozi yote bila kuikata. Pampu ya umeme ya nje ikae chini kuliko tangi, kwa sababu inajua kusukuma kuliko kunyonya. Kabla yake weka chujio la kawaida, baada yake lile la chuma la presha. Petroli isiyotumika inarudi tangini, kwa hiyo pima bomba la marejesho la DX. Kama limeziba au ni jembamba kuliko milimita 6 kwa ndani, pitisha jipya.

Tangi la DX halina kikombe cha kukusanya petroli. Kabureta ilikuwa na bakuli lake la akiba, hivyo petroli ikikimbilia upande mmoja kwenye kona hukuhisi kitu. Injekta hazina subira hiyo. Ukiwa na robo tangi, kwenye kona ndefu, pampu inameza hewa na gari linashtuka. Dawa ni tangi dogo la lita moja au moja na nusu karibu na pampu: pampu ya presha ndogo inalijaza, ile kubwa inanywa humo. Na tangi kubwa lioshwe kutu kabla ya yote. Lakini asije mtu akalichomelea tangi lililowahi kuwa na petroli. Hata likikaa tupu mwezi mzima, mvuke umo.

Kuiweka injini yenyewe sitachukua muda mrefu. Bloku ya 7K imeinuka juu kidogo, basi weka vidonge vya unga wa chapati juu ya manifoldi, funga boneti taratibu, fungua, upime unene uliobaki. Chini ya milimita 15 teremsha maunti. Ukibadilisha sampu, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, sikio likiwa chini, kabla hujatia oili. Tumia flaiwili iliyokuja na injini, na sahani ya klachi ambayo tundu lake linaingia kwenye meno ya shafti ya giaboksi ya DX. Redieta iwe ya safu mbili. Oltaneta iwe ya injini mpya. Ile regyuleta ndogo ya nje ya DX, kama bado ipo, itolewe kwenye mzunguko.

Sensa zipimwe kabla ya kuwasha. Ya joto la maji, THW, naipima kwa chai, yaani maji ya mama muuza chai aliye mlangoni. Kwenye maji ya kawaida, kama digrii 20, mita isome kati ya omu 2000 na 3000. Kwenye maji ya digrii 80, ishuke karibu na 300. Ikisoma tofauti sana, boksi itadhani injini ni baridi na itamwaga petroli siku nzima.

Siku ya kuwasha gari la mzee, alikuja na viatu vya kanisani. Stata ikazunguka, injini ikashika mara ya pili, na nyuma ukatoka moshi mweusi uleule wa Sipi. Mzee akanitazama bila kusema neno. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha vipimo, nikawasha ufunguo. Hapo taa hukupepesea namba: mipepeso mitatu, kituo, mmoja, ni 31, sensa ya presha ya manifoldi, mbili na mbili ni 22, joto la maji, nne na moja ni 41, sensa ya throtoli, yaani mlango wa hewa. Yangu ikapepesa sawasawa bila kituo. Maana yake hakuna kosa.

Nilikaa kwenye ndoo nikafikiri. Boksi haioni kosa, lakini inamwaga petroli kama gari linapanda mlima na mzigo. Nani anayeiambia kuna mzigo? Sensa ya presha. Nikafuata kihozi chake, chembamba kama kalamu, kutoka kwenye sensa hadi nyuma ya manifoldi: kimechomoka, kinaning'inia. Sensa ilikuwa nzima, ilikuwa inapima hewa ya karakana na kusema ukweli wake. Nikakirudisha, nikafunga klipu. Moshi ukakatika palepale, injini ikatulia. Tangu siku hiyo kihozi hicho nakikagua kabla sijaita mwenye gari.

Kabla ya kutoka barabarani, namba ya injini na sisi zake zibadilishwe kwenye logibuku. Gari lililoandikwa 1290 likiwa na 1781 litakusumbua mbele ya trafiki, na zaidi siku ya kuliuza. Ndani ya kiboksi cha dashibodi acha karatasi yenye rangi za zile nyaya sita na fyuzi zake, kwa ajili ya fundi atakayelifungua usiku huko milimani akiwa na tochi mdomoni.

Mzee alinipigia simu kutoka Sipi wiki ya pili. Nilidhani gari limezima. Alitaka kujua kabureta yake niliiweka wapi. Ipo chini ya benchi, kwenye gunia la kahawa, aje aichukue.